Saa ya Kitanda cha Kumi na Moja

Hospitali ile ilikuwa na vyumba viwili vya baridi. Cha kwanza kilikuwa nyuma, chini ya mteremko, kikitazamana na shamba la mbaazi, na kila mtu Kitui alijua kazi yake. Cha pili kilikuwa changu. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kisha hospitali ikapewa kompyuta kuukuu, kubwa kama kabati la nguo, na fundi aliyekuja nayo akasema haiwezi kuvumilia joto letu. Wakatoboa ukuta wakafunga kipoza hewa, wakaziba dirisha, wakaniweka ndani na sweta yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kusomea programu Nairobi, na nilirudi huku karibu na kwetu Makueni nikiwa na uhakika mwingi. Niliamini kwamba jambo likishaandikwa vizuri mahali pamoja, hakuna atakayeumia kwa kutojua. Niliandika programu zangu kwa lugha ya chini kabisa ya mashine ile, karibu na chuma chenyewe, mahali ambapo hakuna jina wala mgonjwa, ila nafasi tu na hesabu ya nafasi. Nilipenda huko chini. Kulikuwa na kimya.

Kwa sababu ya ile baridi, watu walikosea mlango. Walikuja na leso mpya na kipande cha sabuni, wakabisha polepole, na nilipofungua hewa ikawapiga usoni. "Ni hapa?" waliuliza. Nilijifunza kujibu kabla hawajamaliza: "Si hapa. Zunguka nyuma." Wengine walichungulia juu ya bega langu, wakaona zile taa ndogo zikipepesa gizani, wakaondoka bila kuaga.

Mama wa Kanyangi hakuondoka. Alikuwa amebeba mtoto mchanga mgongoni, amemfunika mpaka kichwa, na alisimama mlangoni kama mtu aliyefika alikokuwa akienda.

"Najua si hapa," alisema. "Huko nyuma nilishaenda. Nilimpata, nikamzika. Metroni amesema wewe ndiye unaweka saa."

"Saa gani?"

"Za watu."

Nilimkaribisha. Hakukuwa na kiti cha pili, kwa hiyo alikalia sanduku la karatasi za printa. Tuliongea Kikamba, yeye akiongea kama watu wa Kanyangi na mimi kama watu wa kwetu. Umri wake haukunizidi sana, labda miaka mitano.

Alikuwa amelaza mtoto wake wa miaka miwili katika wodi ya watoto, kitanda cha kumi na moja, kwa ugonjwa wa kichomi. Walikaa hapo karibu wiki mbili. Wakati huo mimba ya huyu wa mgongoni ilikuwa imemlemea, na nyumbani kulikuwa na wengine wawili wanaolelewa na mama mkwe. Asubuhi moja alikwenda kwenye bomba la nyuma kufua. Aliporudi, sista wa zamu alimwambia mtoto amelala, amepewa dawa, asimguse. Akamwambia aende nyumbani awaone wengine, arudi na watu wa mume wake. Alikwenda. Siku ya pili alirudi na mama mkwe. Kitanda cha kumi na moja kilikuwa na mtoto mwingine.

"Sasa mama mkwe anasema nilimwacha mtoto akikata roho nikaenda zangu kutafuta gari," alisema. "Anasema mbele ya watu. Mimi nasema sista aliniambia amelala. Lakini hata mimi mwenyewe sijui. Kama alikuwa ameshaenda, sikumwacha. Kama alikuwa hai, nilimwacha. Niangalizie tu saa, daktari."

"Mimi si daktari."

"Hata hivyo."

Sista huyo alikuwa amehamishiwa zahanati ya Mukuyuni. Kitabu cha karatasi cha wodi kilikuwepo, lakini katika safu ya saa, tangu siku mashine ilipoanza kazi, masista walikuwa wameandika maneno mawili tu: tazama kompyuta. Mimi ndiye niliyewaambia waandike hivyo. Niliwaambia hakuna haja ya kufanya kazi moja mara mbili.

Nikaandika jina la mtoto. Skrini ikaleta rekodi yake: kijiji, kitanda, ugonjwa, tarehe. Kwenye nafasi ya saa hapakuwa na kitu. Si kwamba kulikuwa na sufuri, au saa isiyoeleweka. Kulikuwa na pengo jeusi, refu kama kidole.

Yeye aliliona kabla sijasema.

"Hapo ndipo ingekuwa?"

"Ndiyo. Kuna kosa kidogo. Nipe wiki moja, nitaitafuta. Mashine ikiandika imeandika."

"Itakuwa imeenda wapi?" aliuliza. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua.

Alipoondoka niliagiza mashine ichape orodha ya watoto wote waliotoka wodi ile tangu tuanze. Waliopona walikuwa na saa zao, za kuingia na za kutoka. Waliohamishiwa wodi nyingine walikuwa nazo. Waliofariki hawakuwa nazo. Hata mmoja, isipokuwa mmoja wa wiki ya kwanza. Karatasi ilitoka kwenye printa ikianguka mkunjo juu ya mkunjo, na nilipoitandika sakafuni niliweza kuwaona bila kusoma majina, kwa yale mapengo upande wa kulia.

Mzee aliyepiga deki korido aliingia wakati huo kuchukua ndoo yake. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini alisimama akaitazama orodha kwa muda.

"Hawa wasio na kitu ni akina nani?"

Nikamwambia.

"Nilijua," alisema. "Mashine yako inaogopa maiti. Wakizaliwa inaandika, wakipona inaandika. Wakifika hao, inafumba macho."

"Mzee, mashine haina macho."

"Na hiyo baridi umeiwekea nani?"

Kufikia saa ya chakula cha mchana, jikoni wote walikuwa na habari hiyo. Mpishi mmoja alipopita mbele ya mlango wangu alifanya ishara ya msalaba. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mashine huniambia majina kabla watu hawajafa. Nilicheka, lakini nilirudi chumbani nikaacha mlango wazi, na baridi yote ikatoka.

Nilianza kama nilivyofundishwa: kurudia kosa mpaka lionekane. Nilimbuni mtoto. Nikampa jina lisilo la mtu, nikamlaza kitanda ambacho hakipo, kisha nikabonyeza tatu. Katika programu yangu, moja ilikuwa amepona, mbili amehamishwa, tatu amefariki. Saa ikajitokeza mahali pake, kamili, na sekunde zake. Nikamfuta nikaanza tena. Siku ile nilimuua mtoto yule mara kumi na mbili, na kila mara mashine ilinipa saa yake bila kusita.

Basi kwa nini ilininyima saa ya yule wa Kanyangi? Siku tatu nilisoma programu mstari kwa mstari, karatasi imetandazwa mezani na kuteremka hadi sakafuni, na vidole vyangu vimekufa ganzi. Sikuona kosa. Kuna upweke fulani wa kusoma maneno uliyoyaandika mwenyewe ukijua kwamba mahali fulani yamesema uongo. Nimeuonja tena baadaye, katika kazi ya kuandika vitabu, lakini haujawahi kuwa mkali vile. Siku ya nne nilivua sweta, nikatoka kwenye jua, nikaenda wodini.

Sista wa zamu alikuwa kijana kama mimi. "Kaa hapa, msichana wa mashine," alisema, "lakini usituletee baridi yako, watoto wanakohoa."

Skrini ilikuwa juu ya meza ndogo katikati ya wodi, kati ya safu mbili za vitanda. Nilikuwa nimeomba mimi iwekwe hapo, ili sista asitembee mbali. Akina mama walikaa kando ya watoto wao, wengine vitandani, wengine kwenye vigoda. Sikuwahi kukaa mahali hapo. Nilipokuja kuwafundisha masista, tulifundishana ofisini kwa metroni.

"Nionyeshe unavyofanya mtoto akifariki," nilimwambia.

"Hapa?"

"Hapa."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo. Kisha akainama karibu na sikio langu. "Hapa hatubonyezi tatu."

"Kwa nini?"

Alielekeza kidevu kwa akina mama. Niligeuka. Wote walikuwa wanatazama skrini. Si kwa udadisi. Waliitazama kama unavyotazama mbwa wa mtu ambaye hujui kama amefungwa.

"Ni wewe uliyeweka yale maandishi ya kuwakawaka?" sista aliuliza.

"Ndiyo. Mkibonyeza tatu yanawaka, ili msikosee."

"Hatukosei. Hata wao hawakosei. Wengi hapa hawajui kusoma, lakini hayo wameyasoma. Wiki ya kwanza nilibonyeza, yakawaka, na kabla sijamfikia mwenyewe kumwambia, wodi nzima ilikuwa inalia. Kila mmoja alidhani ni wake."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunabonyeza mbili. Amehamishwa. Tunamfunika vizuri, tunamtoa. Mama yake tunamwita kando, au tunangoja watu wake wafike. Halafu baadaye, mtu akienda ofisini kwa metroni, anairekebisha kule. Mbili inakuwa tatu. Hakuna anayeona."

"Nyinyi nyote?"

"Sote. Hakuna aliyetuambia. Ni adabu tu."

Nilirudi chumbani mbio. Nilimbuni tena mtoto wangu, nikamhamisha kwa mbili, nikarekebisha ikawa tatu. Saa ikaja, kamili. Nikarudia. Ikaja. Nilikaa pale nikitazama saa ya mtoto asiyekuwepo, na kwa mara ya kwanza nilifikiri yale ya mzee wa deki bila kucheka.

Kisha nikaona nilichokuwa nafanya. Mimi kila mara nilianza kwa kumlaza mtoto. Sista hakufanya hivyo. Yeye aliingia ofisini kwa metroni, akawasha skrini iliyokuwa imezimwa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kurekebisha. Nikazima skrini yangu, nikaiwasha upya, sikumlaza mtu, nikaenda moja kwa moja kwenye marekebisho.

Pengo jeusi.

Nitaeleza kwa namna niliyomweleza metroni. Kwetu wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mto mpaka wafikie maji, na mmoja huingia shimoni kuwachotea wengine. Yeye yuko chini, haoni vyombo. Kwa hiyo ukifika unamwambia umeleta chombo cha kiasi gani, naye anakupimia. Mashine ile ilikuwa hivyo. Huko chini nilikokuwa naandika, ukitaka ikupe saa unaitengea nafasi, na mwanzoni mwa nafasi hiyo unaandika ukubwa wake. Usipoandika, inakuta tarakimu ndogo iliyokuwapo tangu mwanzo, inadhani umekuja kuuliza tu kama maji yapo. Inajibu yapo, na haimimini kitu. Wala haikuambii kwamba haijamimina. Mstari wangu wa kutaja ukubwa niliuweka kwenye njia ya kumlaza mgonjwa, kwa sababu nilidhani kila kazi huanzia hapo. Aliyeingia kwa njia ya marekebisho aliufikia mto akiwa na chombo mkononi na hakuna aliyekitaja. Na rekodi mpya ikaandikwa juu ya ile ya zamani, pengo likafunika saa.

"Kwa hiyo ni adabu ya wasichana wangu," metroni alisema.

"Ni mstari wangu, metroni. Wao walipita njia ambayo sikuijua."

"Basi rekebisha. Na yale maandishi yako ya kuwakawaka uyatoe."

Nilirekebisha kwa mstari mmoja. Lakini hilo lilikuwa kwa watakaokuja. Saa ya mtoto wa Kanyangi niliifuata mahali pengine. Mashine ilikuwa na daftari lake la ndani, ambamo kila badiliko liliandikwa mara mbili, jinsi rekodi ilivyokuwa kabla na jinsi ilivyokuwa baada. Si la kusomwa na watu. Nililifungua nikalitoa baiti kwa baiti, nikazigeuza tarakimu zake ziwe za kawaida kwa penseli, na katika ile hali ya kabla, wakati mtoto alikuwa bado amehamishwa tu, nikaipata. Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi.

Nilifurahi. Lazima niseme ukweli huo. Niliinuka kutoka kitini nikapiga makofi peke yangu mle ndani.

Nilichapa karatasi safi: jina, kitanda, tarehe, saa. Mama alifika siku tuliyopatana, akakalia sanduku lilelile, nami nikampa nikisema ndiyo saa yake. Tarakimu alizijua. Aliweka kidole chini ya saa, akakiacha hapo.

"Saa nne na dakika kumi na saba."

"Ndiyo."

"Uji wa wodi unakuja saa nne."

Ilikuwa kweli. Mpishi wetu mkuu alikuwa mtu wa saa. Uji ulifika saa nne kila siku, na akina mama walipanga asubuhi yao yote kwa uji.

"Niliondoka kabla ya uji," alisema. "Nilipita jikoni, bado walikuwa wanakoroga. Mwanamke mmoja aliniambia nisubiri kikombe, nikasema nitachelewa gari."

Mpaka wakati huo nilikuwa nimeitafuta saa. Sikuwa nimeiweka kando ya kitu kingine chochote. Niliona kidole chake kikitoka kwenye tarakimu, kikaenda kwenye ukingo wa karatasi, kikaunyoosha.

"Basi alikuwa hai," alisema.

"Mama, hii ni saa ya kubonyeza. Si lazima iwe..."

"Ulisema ni saa yake."

"Nilisema hivyo."

"Weka muhuri."

"Haihitaji muhuri, ni ya kompyuta."

"Weka, daktari. Isije ikasemwa nimeiandika mimi."

Nikaenda ofisini nikachukua muhuri wa hospitali, nikaupiga chini ya karatasi, wino wa zambarau. Aliikunja mara nne akaitia ndani ya leso, upande wa kifua. Mtoto mgongoni alikuwa ameamka. Alinishukuru, na alimaanisha.

Baada ya hapo sikuweza kukaa sawa. Nilisikia lile neno hai katika mlio wa kipoza hewa. Metroni alikuwa ametaka mapengo mengine yajazwe kwa saa kutoka daftari la ndani, na kila nilipoanza niliona kidole kikinyoosha ukingo wa karatasi. Wiki ya tatu niliomba ruhusa niende Mukuyuni.

Sista nilimkuta nje ya zahanati, amekaa kwenye benchi, anamenya chungwa. Alikuwa mtu mzima, mnene, wa sauti ya chini. Ilikuwa siku ya soko na watu walipita na kuku na magunia.

"Heh, msichana wa chumba cha baridi. Leo umetoka kuota jua?"

"Nimekuja kukuuliza kitu, sista."

"Kula chungwa kwanza. Umekonda. Hiyo mashine inakunyonya."

Nikala. Nikamuuliza kuhusu kitanda cha kumi na moja. Hakuhitaji jina. Aliweka kisu chini.

"Yule mama mwenye mimba. Alijifungua salama?"

"Salama."

"Mungu ashukuriwe." Alijifuta maji ya chungwa vidoleni. "Yule mtoto alienda wakati wa kupiga deki. Saa mbili hivi, haijafika na nusu. Mama yake alikuwa bombani. Nilimgeuza uso ukaelekea ukutani, nikamfunika mpaka kifuani kama aliyelala, nikaenda kumngojea mlangoni."

"Alipoondoka, mtoto alikuwa ameshafariki."

"Ulitaka nimwambie? Peke yake, mimba ya miezi minane, hajala tangu jana, hana hata mtu wa kumshika mkono? Angezalia pale sakafuni, na huyo pia tungempoteza. Nilimwambia amelala ili afike kwa watu wake. Nilijua wakija wawili watanikuta nimwambie. Siku hiyo ya pili ikawa si zamu yangu."

"Lakini ulibonyeza saa nne na dakika kumi na saba."

Alinishangaa. "Unajua mpaka dakika?"

"Mashine inajua."

"Nilingoja uji. Wakinywa uji hawaangalii skrini. Hata wa kwake uliletwa. Nilipokea kikombe nikakiweka pale kwenye kistuli karibu na kichwa chake, ili wale wa jirani wasishtuke. Wakamaliza, wakaenda kuosha vikombe, ndipo nikabonyeza mbili, nikaita machela."

Muda wa karibu saa mbili nzima. Mtoto alikuwa amelala uso ukutani, kati ya watoto wanaokohoa, na kikombe cha uji kikipoa karibu naye.

"Kwani kuna nini?" sista aliuliza. "Kuna mtu alisema vibaya?"

Nilimwambia. Alichukua maganda ya chungwa akayakusanya yote kwenye kiganja, moja moja.

"Nenda umwambie," alisema hatimaye. "Mwambie nimesema mimi. Mwambie hakumwacha."

Kanyangi nilifika mchana wa Jumamosi. Nilielekezwa boma kwa boma. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala, akipukuchua mbaazi kwenye ungo, mwanamke mwembamba wa macho makavu. Yule mama mwenyewe alitoka jikoni akijifuta mikono, akanitambua, akaniletea kigoda na maji.

"Huyu ndiye wa mashine," alimwambia mama mkwe.

"Karibu, mwiitu," mama mkwe alisema, kama anavyomwita msichana yeyote. "Karatasi yako tuliiona."

Niliwaambia yote, wote wawili. Bomba, deki, saa mbili, uso ukutani. Niliwaambia sababu ya sista. Niliwaambia kwamba saa ya mashine ni ya kidole kilichobonyeza, si ya mtoto, na kwamba kosa la kuichanganya lilikuwa langu. Niliwaambia hata kikombe cha uji. Mama mkwe aliacha kupukuchua.

"Kwa hiyo hakumwacha," nilisema. "Alipoondoka, mtoto alikuwa ameshaenda."

Kuku walikuja wakadonoa mbaazi zilizoanguka, na hakuna aliyewafukuza.

"Sista ni mtu mzuri," mama wa mtoto alisema. "Aliniambia amelala kwa sababu alinionea huruma. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe umetoka Kitui mpaka hapa, ukapitia Mukuyuni. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Kwa sababu umenionea huruma." Hakuwa na hasira. Aliongea nami kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Nyote mna huruma. Mashine haina sababu ya kunionea huruma. Haikunijua. Ilisema ilichoona."

"Haikuona kitu, mama. Ilingoja mtu abonyeze."

"Ulisema wewe kwamba ikiandika imeandika."

Nilikuwa nimesema hivyo, siku ile ya kwanza, nikijivuna.

Niligeuka kwa mama mkwe. Nilidhani yeye, aliyekuwa amemshtaki, angesema neno. Alikuwa akinitazama, na niliona kwamba ananiamini. Midomo yake ilifunguka.

"Mwanangu," alimwambia mke wa mwanawe, polepole, "kama sista amesema..."

"Mama, wewe ulinisema mbele ya watu miezi miwili," alijibiwa. "Sasa kuna karatasi, wewe ndiye unataka maneno."

Mama mkwe akainamia ungo wake.

Nilimwomba anirudishie karatasi, niende nikairekebishe. Alikataa kwa kichwa. Ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na kadi ya kliniki ya yule aliyefariki. Na mimi nilijua kitu ambacho sikumwambia. Ningeweza kuteremka kule chini kwenye kimya, nikabadili baiti chache, mashine ikachapa saa mbili na dakika ishirini kwa herufi zilezile, na muhuri uleule. Ili mashine iseme kweli ingenibidi niifanye iseme uongo. Nadhani alilisoma usoni pangu.

"Ukileta nyingine," alisema, "nitajua umeiandika wewe."

Alinisindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo desturi, na mbaazi kwenye mfuko aliosisitiza niuchukue. Mtoto alikuwa mgongoni, ananitazama. Tulisimama kungoja gari. Aliniuliza ni saa ngapi.

"Saa tisa kasorobo," nikasema.

Alinishika mkono, akaugeuza kuelekea kwenye mwanga, akaisoma saa yangu yeye mwenyewe. Kisha akaitikia, akauachilia.